Miche 200 na moshi unaopita chini yake

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana na barabara kuu yenye malori na mabasi mengi. Uwanja wa michezo uko upande huo huo wa barabara, na kati yake na lami kuna uzio wa waya tu. Watoto wengi wanakohoa na wachache wana pumu. Kamati ya wazazi imekubali kununua miche. Mwenye kitalu mmoja ametushauri tupande miche 200 ya miti mirefu "inayosafisha hewa", pamoja na mimea ya vyungu madarasani ili kuongeza oksijeni, na anasema ndani ya mwaka mmoja tutaona tofauti. Ni miti ipi inayofyonza moshi zaidi, na tuipande kwa nafasi gani?

JIBU: Mwalimu, nafasi kati ya mche na mche nitaifikia. Kwanza nina ugomvi na neno moja katika barua yako, na ugomvi wenyewe si na wewe bali na aliyekupa hilo neno: oksijeni.

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza ni mti gani unatoa oksijeni nyingi kwa ajili ya watoto. Hewa ina oksijeni karibu asilimia 21, na hewa ya kando ya barabara yenye malori nayo ni hivyo hivyo. Watoto wako hawakohoi kwa kupungukiwa na kitu. Wanakohoa kwa kuongezewa kitu: masizi ya dizeli, unga wa matairi na breki, nitrojeni dayoksaidi inayotoka kwenye injini. Mtu akiingiwa na mchanga jichoni hatumwambii akodoe zaidi ili mwanga uongezeke. Tunamtoa kwenye upepo, kisha tunauliza mchanga unatoka wapi.

Hadithi ya vyungu ina asili yake, na ni vizuri uijue ili ukibanwa kwenye kikao cha wazazi uwe na la kusema. Mwaka 1989 watafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliweka mimea ya ndani katika visanduku vilivyofungwa kabisa, wakaingiza kemikali kama benzeni, wakapima baada ya muda na kukuta zimepungua. Jaribio lilikuwa la haki kwa walichokuwa wakikitafuta. Chombo cha angani hakina dirisha la kufungua. Darasa lako lina madirisha na mlango na watoto wanaoingia na kutoka, na hewa yake inabadilishwa na upepo haraka kuliko jani lolote linavyoweza kuifikia. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya namna hiyo yaliyofanyika kwa miongo mitatu, wakapiga hesabu. Ili mimea ifikie kazi ambayo mzunguko wa kawaida wa hewa katika jengo unaifanya wenyewe, unahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chukua hiyo ndogo kabisa. Darasa la mita za mraba 50 linadai vyungu 500, na bado hujaingiza dawati hata moja.

Kuna na ule mmea wa majani yaliyosimama wima kama mapanga, unaosifiwa kwamba hutoa oksijeni usiku. Unachokifanya usiku ni kufungua vitundu vya majani yake na kuingiza kaboni dayoksaidi, basi. Hata ingekuwa kweli, usiku darasani kuna nani? Vyungu viwili vitatu viwekeni kwa ajili ya somo la sayansi, ila visiingie kwenye bajeti ya hewa.

Sasa tuje nje, kwenye hiyo miti "inayofyonza moshi". Jani linafyonza, sikatai. Gesi kidogo huingia kupitia vitundu vyake, na chembechembe hunata juu ya ngozi yake hadi mvua izioshe au upepo uzipeperushe tena. Shida ni kiasi. Watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, David Nowak na wenzake, walikokotoa mwaka 2006 kazi ya miti katika miji 55 ya nchi hiyo. Kwa wastani miti yote ya mji iliboresha hewa kwa chini ya asilimia moja. Miti yote ya mji mzima, Mwalimu. Wewe una 200, tena michanga.

Kwa hiyo ukisimama kwenye swali la "mti upi unafyonza zaidi" utazunguka kitalu hadi jioni na hutapata jibu lenye faida kwa mtoto yeyote. Swali lenye faida ni hili: moshi unatoka wapi, na unapita njia ipi hadi kufika puani mwa mtoto? Hapo ndipo mimea inapokuwa na kazi kubwa, na kazi hiyo si ya kifagio, ni ya ukuta. Uzio mzito wa mimea kati ya barabara na uwanja unalazimisha moshi kupanda juu, uchanganyike na hewa iliyo safi zaidi, na ukishuka upande wa pili uwe umepungua makali. Kwa kuwa ukuta huu una matundu madogo madogo, sehemu ya moshi hupenya polepole katikati ya majani, na chembechembe zikashikwa humo. Ukuta kwanza, kunasa baadaye.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini neno "mirefu" katika ushauri wa huyo mwenye kitalu lilinifanya niweke kalamu chini. Mti mrefu una shina tupu chini na majani juu. Niliwahi kuitwa shule moja iliyokuwa imepanda mstari mzuri kabisa wa miti kando ya barabara. Miti ilikuwa na miaka kumi hivi, na shina la kila mmoja limepakwa chokaa hadi kiunoni. Walimu walikuwa wakijivuna nayo na hawakuelewa kwa nini kikohozi hakipungui. Sikuwa na mashine ya ajabu. Nilichutama kando ya lami, nikawasha kijiti cha ubani na kukishika usawa wa mita moja kutoka ardhini, yaani usawa wa pua ya mtoto wa darasa la kwanza. Moshi ulilala, ukanyooka, ukapita katikati ya mashina mawili kama uzi unaopita tundu la sindano, ukaingia uwanjani ambako watoto walikuwa wakiruka kamba. Juu yetu majani yalikuwa yakitikisika vizuri sana. Hayakugusa hata chembe ya ule moshi.

Bomba la moshi la gari dogo liko chini ya goti la mtu mzima. Pua ya mtoto iko karibu yake kuliko yako, na mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wa mwili wake. Mti uliopogolewa matawi ya chini ili "upendeze" umeondolewa sehemu pekee iliyokuwa na msaada.

Kuna mahali mti mrefu huzidisha ubaya kabisa. Barabara ikibanwa na majengo marefu pande zote mbili, miavuli ya miti ikikutana juu inakuwa kama kifuniko cha sufuria: upepo haushuki kuchukua moshi, na moshi unabaki chini kwa watu. Barua yako inataja uwanja na uzio wa waya, kwa hiyo nadhani uko mahali pa wazi. Una bahati. Lakini mwenye kitalu hakukuuliza hilo, na mtu anayeuza dawa ya hewa bila kuuliza upepo unavuma kutoka wapi ni sawa na anayeuza miwani gizani.

Vipimo, basi. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilitoa mwaka 2016 mapendekezo ya uzio wa mimea kando ya barabara kubwa: urefu wa kwenda juu mita 5 au zaidi, unene mita 10 au zaidi, majani yaliyoshikana tangu ardhini hadi kileleni, na uzio uendelee kama mita 50 kupita kila ncha ya eneo mnalolilinda ili moshi usizunguke pembeni. Najua huna mita 10. Shule nyingi hazina. Usikate tamaa kwa hilo, kwa sababu kuna mfano wa shule zilizobanwa kama yako. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walipanda uzio wa aina tatu tofauti kwenye shule tatu za msingi mjini Manchester, Uingereza, na shule ya nne wakaiacha bila kitu ili walinganishe. Uzio uliofanya vizuri kuliko yote ulikuwa wa mti mmoja wa jamii ya miseprasi wenye majani madogo kama magamba, uliotunzwa uwe mfupi, usawa wa kichwa cha mtu. Nyuma yake chembechembe laini sana ziitwazo PM2.5, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu, zilipungua kwa asilimia 46 na masizi kwa asilimia 49, kama matokeo yao yalivyochapishwa mwaka 2022.

Tangu hapo napokea ujumbe wa watu wanaouliza mbegu za mti huo zinapatikana wapi. Jamani. Huo ni mti wa ukanda wa baridi na mvua. Ukiupeleka kwenye jua kali utakufa kabla hujalipa deni la usafiri. Cha kuiga ni umbo lake: jani dogo na jingi, lenye ukwaruzo au manyoya au nta, lisilopukutika lote kwa msimu mmoja, na tawi linaloanza ardhini. Katika miti na vichaka vinavyostawi kwenu bila kubembelezwa, chagueni vyenye sifa hizo, tena aina mbili au tatu, ili ugonjwa ukiingia usifute uzio mzima.

Nafasi uliyoulizia hutegemea aina, lakini kwa uzio ni kati ya nusu mita na mita moja, si mita nne au tano za mti wa kivuli. Pandeni mistari miwili, ikiwezekana mitatu, na mche wa mstari wa pili ukae mbele ya pengo la mstari wa kwanza. Kata ncha za juu mapema ili mche utanuke, na tawi la chini msiliguse. Ahadi ya "ndani ya mwaka mmoja" isahauni. Uzio wa miche midogo huchukua miaka miwili mitatu kufunga, na huo ni muda wa kumwagilia, si wa kusubiri. Kama nafasi ni finyu sana au subira haipo, wekeni wavu imara na mmea unaotambaa. Unafunga haraka na haudai zaidi ya futi mbili za ardhi.

Vya kukwepa ni vichache lakini ni vya lazima. Mnyaa unaoteshwa sana kama uzio una utomvu unaoumiza macho vibaya, na mtoto hakosi kuvunja tawi. Oleanda inapendeza kwa maua, ila ina sumu tangu jani hadi mzizi. Mvinje hutoa chavua nyingi inayosafirishwa na upepo, jambo ambalo watoto wenye pumu hawalihitaji. Mikaratusi, ambayo vitalu vinaipenda kwa kuwa inakua haraka, hutoa gesi iitwayo isoprini. Gesi hiyo ikikutana na moshi wa magari kwenye jua kali husaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi, na ozoni ya chini hukera mapafu. Mkaratusi mmoja uliopo tayari msiukate kwa hofu. Ila msipande mstari mzima wa mikaratusi.

Halafu lango. Karibu kila shule niliyoikagua ina uzio unaoanza vizuri, unaendelea vizuri, kisha una shimo la mita sita upande wa barabara kwa sababu lango liko hapo. Upepo unapenda shimo. Hujikusanya na kupita hapo kwa kasi zaidi kuliko kungekuwa hakuna uzio kabisa, na hapo hapo ndipo watoto husubiri kuchukuliwa. Kama kuna upande mwingine wa shule unaoelekea njia ndogo, hamishieni lango huko hata kabla ya kununua mche wa kwanza.

Kuna lingine linaloniudhi kuliko mkaratusi. Shule inapanda uzio, inaualika umma, inapiga picha, kisha basi la shule linaegeshwa ndani ya uzio huo na dereva anaacha injini ikiwaka dakika ishirini akisubiri watoto. Ukuta hauchagui upande, Mwalimu. Kama unavyouzuia moshi wa nje usiingie, ndivyo unavyouzuia wa ndani usitoke. Kadhalika na majani: uzio mkubwa hupukutisha mengi, na nimeona yakifagiliwa, yakarundikwa nyuma ya madarasa na kuchomwa asubuhi ya Jumatatu, watoto wakiwa kwenye mstari. Yafukieni au myatandaze chini ya miche. Na jalala la kuchomea takataka likiwa ndani ya eneo la shule, anzeni na hilo, si na miche.

Ninaposema haya baadhi huniona adui wa miti. Siyo. Mwaka 2015 utafiti wa Barcelona uliofuatilia watoto 2,593 wa shule 36 uligundua kwamba kwenye shule zenye kijani zaidi, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya watoto, yaani uwezo wa kushika jambo akilini huku wakilitumia, ilikua vizuri zaidi, na sehemu ya faida hiyo ilielezeka kwa masizi kuwa machache. Kivuli nacho ni neema isiyohitaji utetezi. Na vumbi: kama uwanja wenu ni udongo mtupu, majani ya kutambaa yanayostahimili kukanyagwa yatapunguza vumbi kuliko uzio wowote, kwa kuwa hapo chanzo ndicho kinachofunikwa.

Lakini umbali unashinda yote. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2003 inayokataza kujenga shule mpya za umma ndani ya futi 500 za barabara kuu za kasi, yaani kama mita 150, isipokuwa kwa masharti magumu, kwa sababu moshi wa barabara hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali nayo. Shule yako huwezi kuibeba. Uwanja unaweza. Kama nyuma ya madarasa kuna bustani, maegesho au eneo lisilotumika, badilishaneni: watoto waende nyuma, bustani na maegesho ya walimu yaje mbele. Kazi hiyo inafanyika katika likizo moja, na faida yake inaanza siku ya kwanza ya muhula, wakati uzio bado uko magotini.

Mnaweza kupima wenyewe kama mnachofanya kina matokeo. Kuna mirija midogo ya plastiki inayonasa nitrojeni dayoksaidi, iliyobuniwa na Edward Palmes mwaka 1976. Haitaki umeme, unaifunga kwenye nguzo wiki mbili hadi nne kisha unaipeleka maabara. Funga mmoja barabarani, mmoja uwanjani, mmoja nyuma ya madarasa, usawa wa pua ya mtoto, kabla ya kupanda na tena uzio ukishafunga, katika msimu ule ule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni wastani wa mikrogramu 10 za gesi hiyo kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, na 5 kwa PM2.5. Msishangae mkiwa mbali sana na hapo. Watu wengi duniani wako mbali. Na wale watoto wa pumu waendelee na dawa na kliniki yao kama kawaida. Naomba mzazi yeyote asiambiwe kwamba uzio umechukua nafasi ya dawa ya kuvuta ya mtoto wake.

Biashara ya hewa safi imekuwa kubwa kwa sababu hewa haionekani. Leo ni mti wa maajabu, kesho ni paneli ya kijani ya kutundika ukutani, keshokutwa ni rangi inayokula moshi. Wote wana lugha moja: asilimia kubwa, muda mfupi, na hakuna hata mmoja anayeuliza lango liko wapi. Wanafanikiwa kwa kuwa kupanda mche kunapigwa picha na kuhamisha lango hakupigwi. Kamati hulipa, miche hufa kiangazi cha kwanza, na safari ijayo mtu akija na ushauri wa kweli anaambiwa, "Tulishajaribu mimea, haikusaidia."

Huyo mwenye kitalu msimfukuze. Pengine ana vichaka vizuri tu nyuma ya hiyo miche mirefu. Mwambie akupeleke kwenye uzio aliopanda miaka mitatu iliyopita, mahali popote. Ukifika, piga magoti upande wa ndani hadi macho yako yawe usawa wa mtoto wa darasa la kwanza, utazame kuelekea barabarani. Ukiona matairi ya magari yanapita, nunua kwingine.